Trela ya Mbuzi Iwe ya Mwisho

Kila Jumapili baada ya sala ya Alasiri, ukumbi wetu hufungwa kwa wanaume. Siku nyingine ni wao wanaoujaza, wanatazama mpira na filamu za mapigano, na anayeendesha mitambo ni kaka mmoja mwenye ndevu. Jumapili haruhusiwi hata kukaa juu, kwa sababu chumba cha mitambo kina kidirisha, na kidirisha kinatazama chini walipokaa wanawake waliokwisha kuvua mabuibui yao.

Ndiyo maana kazi niliipata mimi. Bi Mkubwa mwenye ukumbi alikuwa anatafuta mtoto wa kike, hakuwa anatafuta fundi. Alinikuta nyumbani kwetu Malindi, hapa Unguja mjini, namenya muhogo, akamuuliza mama, "Huyu anasema?"

Mama akamjibu, "Akilazimishwa."

"Basi huyo huyo," akasema Bi Mkubwa. "Sitaki mwenye maneno mengi karibu na mashine zangu."

Nilisoma skuli ya msingi nikaishia hapo. Kusoma nasoma vizuri. Kuandika naandika polepole, kwa sababu kila herufi huiangalia kabla ya kuiacha. Kusema mbele ya watu siwezi. Chuoni, kwenye kusoma Kurani, zamu yangu ilipofika, nilikuwa nasoma kwa midomo tu bila ya sauti, na mwalimu baada ya muda akazoea kunisahihisha kwa kuitazama midomo.

Kaka mwenye ndevu alinifundisha kazi asubuhi moja. Akanionesha kompyuta, projekta na spika, akanionesha filamu zinakaa wapi na trela zinakaa wapi. Trela ni vile vipande vya dakika mbili tatu vya filamu zitakazokuja, vinavyooneshwa kabla ya filamu yenyewe kuanza. Nikamuuliza zinapangwaje.

"Panga unavyotaka," akasema. "Hakuna anayezitazama."

Hilo lilikuwa kweli, na ndilo lililonitia matatani.

Onesho letu lina mipaka miwili. Haliwezi kuanza kabla ya watu kusali Alasiri, na ikiadhiniwa Maghribi Bi Mkubwa huwasha taa, filamu iwe imefika popote ilipofika. Katikati hapo filamu inaenea, na trela nne tano zinaenea. Kinachobanana ni watu. Mwanamke akiingia hutoa salamu, akajibiwa, akaanza kupita safu kwa safu. Huyu hajambo, yule mgonjwa wake anaendeleaje, mwenye arusi alifika salama Kizimkazi au gari liliwaharibikia. Trela zinapita juu ya vichwa vyao. Filamu inaanza, nayo inapita juu ya vichwa vyao. Kisha mmoja anageuka, anaona mtu kwenye skrini analia, na anapaza sauti, "Analilia nini?" Hakuna anayejua. Hapo ukumbi wote hupiga kelele kunielekea mimi juu: "Rudisha!"

Mimi narudisha. Ndiyo kazi. Lakini filamu iliyorudishwa mara mbili haiwezi kuisha kabla ya Maghribi. Jumapili tatu mfululizo wanawake waliondoka bila ya kujua mwisho. Ya kwanza walitaka kujua kama mtoto alipatikana. Ya pili walitaka kujua nani aliolewa. Ya tatu walikuwa wamechoka kutaka kujua, wakaanza kusema mlangoni kwamba nyumbani televisheni zao zina mwisho.

Bi Mkubwa alipanda juu siku hiyo. Hakuwa na hasira. Angekuwa na hasira ningejua la kufanya, ningelia.

"Hizo trela kazi yake nini?" akaniuliza.

Nikasema za kuonesha filamu zijazo.

"Hapana. Kazi yake kuwakalisha watu. Filamu ikianza watu wawe wameshakaa na wameshanyamaza. Weye unaziweka kama mtu anayeanika nguo. Nnayo maikrofoni kabatini, nliitumia arusi ya mwanangu. Zikishindwa trela zako, utashuka chini, utasimama mbele yao, uwaamkie, uwaambie wanyamaze. Mtu akisimamiwa hunyamaza."

Nikamwambia kwa sauti ndogo kwamba yeye mwenyewe anaweza kuwasimamia vizuri zaidi.

"Mie nshajaribu," akasema. "Nlisimama wakaniuliza habari za mjukuu. Nkawajibu."

Ni kweli. Nilikuwepo. Aliwajibu mpaka mtoto akaota meno, na filamu ilichelewa kuliko siku nyingine zote.

Basi nikawa nakaa juu nikifikiria trela. Sijawahi kufikiria kitu kwa muda mrefu hivyo. Watu wengine wanaogopa njaa au kufukuzwa kazi. Mimi nilikuwa naogopa mita chache baina ya ngazi na skrini.

Jumapili ya kwanza niliweka mbele trela ya magari yanayogongana, nikidhani kelele kubwa huimeza ndogo. Wanawake walipandisha sauti juu ya magari. Aliyekuwa anasimulia ya arusi alisimulia kwa nguvu zaidi, na hata mimi kule juu nilisikia kuwa pilau ilikuwa ya mafuta mengi.

Jumapili ya pili niliweka trela ya kutisha, ya msichana anayejitazama kwenye kioo na kioo hakimtazami. Safu tatu za mbele zikaanza kusoma Ayatul Kursiyyu, kisha ukumbi mzima ukafuata. Utulivu ulikuwepo, lakini haukuwa utulivu wa kutazamia filamu. Mama mmoja aliwatoa wanawe wawili, akamwambia Bi Mkubwa mlangoni, "Mie nimekuja kupumzika, shoga, sikuja kupungwa pepo."

Jumapili ya tatu nikaweka arusi mwisho kabisa, trela nzuri, bibi arusi mikono imechorwa mpaka viwikoni. Hapo walitazama wote. Nikafurahi kwa muda wa nusu dakika.

"Ile piko," akasema mmoja.

"Piko wapi! Hina ile, hina ya kulaza."

"Hina haiwi nyeusi vile."

"Kwenu haiwi, kwa sababu hamlazi."

Mjadala huo uliendelea mpaka katikati ya filamu. Shujaa alikuwa amekwisha kufa wao wangali wanakunjua mikono yao kulinganisha. Kisha wakaniita: "Rudisha!"

Baada ya hapo nikajaribu maandishi. Nilikaa na kompyuta mchana mzima nikaandika kwa herufi kubwa: TAFADHALI NYAMAZENI FILAMU INAANZA. Niliyaweka baada ya trela ya mwisho, meupe juu ya weusi, na yalipendeza. Nilichosahau ni kwamba nusu ya wanaokuja hawaji na miwani. Wenye macho wakaanza kuwasomea wasio na macho, kwa sauti, kila mmoja kwa jirani yake. "Imeandikwa tunyamaze." "Nani?" "Sisi." "Kwani nani anasema?" Ilikuwa ndiyo kelele kubwa kuliko zote.

Bi Mkubwa alipanda, akasimama mlangoni, akanitazama, akashuka. Nikasikia kabati linafunguliwa.

Wiki hiyo ndipo ilipokuja trela ya mbuzi. Aliileta mwanamke mmoja wa Chwaka, mkulima wa mwani, ambaye yeye na wenzake walikuwa wametengeneza filamu kwa simu. Bi Mkubwa alikubali kuionesha baada ya mwezi mmoja, na akaniambia niiweke trela yao. Nikaitazama kwanza peke yangu. Haina muziki. Unaonekana mlango wa nyumba, wa mbao, umefungwa nusu. Mkono unagonga. Mwanamke aliyejifunga kanga anasimama, anatazama moja kwa moja kwenye kamera kana kwamba wewe ndiye mwenye nyumba, na anasema, "Asalamu alaykum." Anangoja. Kisha anasema, "Hamjamuona mbuzi wangu?" Basi. Weusi.

Niliona ni trela dhaifu. Nikaiweka ya kwanza kabisa, mahali pa trela isiyotazamwa na mtu.

Ukumbini walikuwa wamefika wanawake sita. Mwanamke wa Chwaka akatoa salamu, na wote sita wakaitika kwa pamoja, "Waalaykumu ssalaam," bila ya hata kugeuza nyuso, kama mtu anavyoitika jikoni akisikia hodi ya jirani. Kisha wakanyamaza. Wakageuka kuitazama skrini.

"Hamjamuona mbuzi wangu?"

"Hatujamuona," akasema mmoja.

"Rangi gani?" akauliza mwingine.

Skrini ikawa nyeusi, na wale sita wakabaki kimya, wakingoja kuambiwa rangi.

Mimi nilikuwa nimeshika kipanya mkononi na sikukibonyeza. Nilikuwa nimeelewa kitu, polepole, kama ninavyoandika. Salamu huwezi kuiacha bila ya kuitika, hata kama mdomo wako umejaa maneno mengine. Maneno mengine yatangoja. Na mgeni akishaitikiwa, mwenye nyumba hunyamaza, kwa sababu sasa ni zamu ya mgeni kueleza kilichomleta. Hiyo haifundishwi skuli. Unazaliwa nayo.

Lakini siku hiyo haikufaa kitu. Trela ilikuwa ya kwanza, na baada yake wakaingia wengine, kila mmoja na salamu yake, kila mmoja akaitikiwa, kila mmoja akaeleza kilichomleta. Filamu nikairudisha mara mbili.

Jumapili iliyofuata nilipanga hivi. Mwanzo magari, kwa ajili ya watu kutafuta viti. Baada yake ya vichekesho, ndefu, kwa ajili ya kupita safu kwa safu kuulizana hali. Kisha arusi, wamalize ya hina mapema. Mwisho kabisa mbuzi.

Mlango ukaonekana. Mkono ukagonga. "Asalamu alaykum."

Ukumbi mzima uliitika. Sauti ilipanda mpaka juu kwangu na kidirisha kikatikisika kidogo. Waliokuwa wamesimama wakakaa, maana huitikii salamu ya mtu mlangoni huku umempa mgongo.

"Hamjamuona mbuzi wangu?"

"Hatujamuona, mwanangu," akasema bibi mmoja wa Kikwajuni. Bibi huyu huja kila wiki na mto wake wa kukalia, kwa kuwa haviamini viti vya plastiki. "Mwenyezi Mungu atakurejeshea."

Weusi. Kimya. Nikabonyeza, filamu ikaanza, na kila mtu aliuona mwanzo wake. Hakuna aliyeniambia nirudishe. Filamu ilifika mwisho, majina yakapita, wanawake wakavaa mabuibui yao, ndipo ikaadhiniwa Maghribi.

Bi Mkubwa hakupanda juu. Kwake yeye hiyo ni sifa.

Ilikwenda hivyo kwa wiki kadhaa, mpaka ikafika Jumapili ya filamu yenyewe ya mbuzi. Ukumbi ulijaa. Mwanamke wa Chwaka anamtafuta mbuzi wake nyumba kwa nyumba, na kila nyumba inamficha jambo lake, na mwisho mbuzi anapatikana kwa mkwewe, amefungwa nyuma ya choo, analishwa vizuri kuliko alivyokuwa analishwa kwao. Watu walipiga makofi.

Wiki iliyofuata Bi Mkubwa akaniambia, "Ile ya mbuzi itoe sasa. Wameshajua yuko wapi."

Nikasema trela hainusuru filamu, inanusuru ukumbi. Sikusema kwa maneno hayo. Nilisema, "Bi Mkubwa, nakuomba."

"Trela ya filamu iliyokwisha pita? Watu watasema tumefilisika."

Akashuka. Sikuitoa. Niliiacha pale pale mwisho, na nikasubiri.

"Asalamu alaykum."

"Waalaykumu ssalaam!"

"Hamjamuona mbuzi wangu?"

"Yuko kwa mkweo!" ukumbi mzima ukapiga kelele.

Wakacheka mpaka wakafuta machozi. Kisha, kwa kuwa walikuwepo wengine ambao Jumapili iliyopita hawakuja, wakaanza kuwasimulia filamu yote tangu mlango wa kwanza, pamoja na mkwe, pamoja na choo, wengine wakasimama ili waigize. Filamu ya siku hiyo ilianza na kwenda zake peke yake. Nikairudisha mara tatu. Maghribi iliwakuta wote hawajui kama yule baba atarudi kutoka Dubai.

Safari hii Bi Mkubwa alipanda na maikrofoni. Akaiweka juu ya meza, kando ya kompyuta.

"Jumapili," akasema, na akashuka.

Sikula vizuri wiki hiyo. Mama aliniuliza nina nini, nikasema maikrofoni. Mama akanikatia kipande kingine cha muhogo.

Jumapili ilipofika nilipanga trela kwa uangalifu, kama mtu anayetandika kitanda katika nyumba atakayohama. Magari. Vichekesho. Arusi. Baada ya arusi hapakuwa na kitu. Trela ya mwisho ilipokaribia kwisha, Bi Mkubwa alitokea mlangoni mwa chumba cha mitambo.

"Haya. Shuka."

Nikaishika maikrofoni. Nikasimama. Nikaitazama ngazi. Chini, kwa kidirisha, nilimuona bibi wa Kikwajuni na mto wake, na mama wa wale watoto wawili, na wale wa piko na hina, wote wakizungumza. Miguu yangu haikukataa wala haikukubali. Ilikuwa tu haihusiki.

"Shuka, mwanangu, skrini nyeusi," akasema Bi Mkubwa.

Nikabonyeza kitufe cha maikrofoni nikiwa pale pale niliposimama, nikaiweka karibu na mdomo, na nikafanya kile nilichokuwa namuona mwanamke wa Chwaka akifanya kila wiki.

"Asalamu alaykum."

Ilitoka kwenye spika zote. Ilikuwa sauti nyembamba na sikuipenda.

"Waalaykumu ssalaam," ukumbi ukaitika.

Kisha wakanyamaza. Wakakaa. Wakaitazama skrini nyeusi wakingoja nieleze kilichonileta. Mimi sikuwa nimefikiria zaidi ya hapo. Nilisimama na maikrofoni, wao wamekaa kwenye giza, na hakuna aliyesema kitu kwa muda mrefu, na ulikuwa ndio utulivu mzuri kuliko wote niliowahi kuusikia katika ukumbi ule.

"Sema, mwanangu," akasema bibi wa Kikwajuni kwa upole. "Tunakusikiliza."

Nikabonyeza, filamu ikaanza.

Iliisha mapema. Wanawake walipokuwa wanatoka, Bi Mkubwa alisimama chini ya ngazi akipokea sifa, na mimi nilikuwa nimekaa ngazi ya juu kabisa nikingoja wapungue ili nishuke.

"Nani yule alotoa salamu?" akauliza bibi wa Kikwajuni.

"Kijana wangu wa mitambo," akasema Bi Mkubwa. "Kumbe sauti anayo! Jumapili ijayo atasimama mbele pale, mtamuona."

Nikalishika buibui langu kwa mikono miwili.

"Tumuone wa nini?" akasema bibi.

"Si mumjue."

"Ndiyo mabaya hayo. Tukimuona tutamjua mtoto wa nani. Tukimjua mtoto wa nani itabidi tumuulize mama yake hajambo, na nyanya yake mguu umepoa, na yule mjomba kama keshatoka shamba Kizimbani. Naye ataona haya kutotujibu. Filamu itaanza saa ngapi? Hukumbuki weye ulivyosimama na habari za mjukuu?"

Bi Mkubwa akafikiri.

"Akaota meno," akasema mwingine.

"Mwache huko huko juu," akasema bibi, akaukunja mto wake kwapani. "Mtu usiyemjua unamjibu salamu tu, basi."

Bi Mkubwa hakuniambia tena nishuke. Lakini maikrofoni ilibaki juu ya meza yangu, na kaka mwenye ndevu ameambiwa siku zake asiiguse.

Siku hizi trela nazipanga hivi: yenye kelele mwanzo, ndefu ya pili, ya kubishania ya tatu. Kaka mwenye ndevu aliniuliza siku moja kwa nini, nikamwambia naweka ninavyotaka. Zikisha, naacha skrini iwe nyeusi, nashika maikrofoni, natoa salamu. Wanaitika wote, kisha wanatulia kwenye giza wakingoja niseme kilichonileta. Mimi nabonyeza.